Sanda Iliyopanda Mlimani

Bubarovo, 6 Novemba 1983

Mdogo wangu Donka,

Pokea salamu zangu na za mbuzi. Tangu uondoke anasimama mlangoni kukungojea, maana ulimzoesha maganda ya tufaha na mimi simpi. Mimi mzima. Zabibu tulizokamua pamoja mwezi uliopita zimeshakuwa divai, kali kidogo, kama ulimi wa mtu fulani. Jirani yetu Gancho alipanda kuezeka banda lake akaanguka. Yeye hakuumia, aliyeumia ni bata aliyekuwa chini. Wamemla Jumapili, nami nikaletewa paja.

Sasa neno lenyewe. Jana ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nimetoka makaburini kuwawashia mishumaa mama na marehemu mume wangu, nikarudi nyumbani kufungua sanduku nianike vitu vyetu vya kuzikiwa, kama kila mwaka. Furushi lako lipo kamili, na sanda yako ya hariri yenye uzi wa buluu pembeni imo, nondo hawajaigusa. Nikafungua furushi langu. Gauni jeusi lipo, soksi zipo, viatu vipya vipo, sabuni ipo, kitana kipo, mshumaa upo. Sanda yangu ya uzi mwekundu haipo!

Donka, nimetoa kila kitu kwenye sanduku lile, mpaka nikaingia mwenyewe ndani kichwa na mabega. Haipo. Nimemuuliza Gancho, akaapa kwa watoto wake. Mkewe akalia. Hata mbuzi nimempanua mdomo. Mwizi gani huyo wa kuiba sanda akaacha viatu vipya?

Unajua mama alizifuma zote mbili kwa mkono wake, kipindi kimoja, yangu na yako, kwa hariri ya viwavi wetu wenyewe. Mimi sitafunikwa shuka la dukani kama mtu asiye na kwao. Wewe ulilala chumba hicho hicho cha sanduku Oktoba. Hukuona kitu?

Dada yako,
Kerana


Sofia, 24 Novemba 1983

Dada yangu Kerana,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, mbele utaona ni ya nini.

Barua yako ilichelewa, au mimi ndiye niliyechelewa kuijibu, tusichunguzane. Huku baridi imeanza. Tangu nistaafu kukata tiketi kwenye tramu, miguu inaniwasha, haijui kukaa. Ndiyo maana nimejiunga na wazee wenzangu wa chama cha wapanda milima. Tuko kumi, kiongozi wetu ni Asparuh, aliyekuwa mwalimu wa kemia. Usicheke. Kila majira ya baridi wanalala kwenye hema, juu ya theluji, kwa hiari yao wenyewe. Nami nimo.

Mfuko wa kulalia nimepewa na chama. Ni wa pamba, mzito kama ndama, na umeshalaliwa na watu wengi. Asparuh akatuambia: kila mtu ashone bitana, yaani mfuko mwepesi wa kitambaa unaoingia ndani ya mfuko wa kulalia. Unalala ndani ya bitana, bitana iko ndani ya mfuko, mfuko uko ndani ya hema. Joto linabaki na wewe, na mwenzako harithi jasho lako. Akasema bitana bora kuliko zote ni ya hariri.

Na daktari wa hospitali ya Haskovo alisemaje kuhusu hayo mawe yako ya nyongo? Oktoba nilikuona ukishika ubavu ukidhani naangalia dirishani. Utapasuliwa lini?

Basi, nakutakia afya njema.

Mdogo wako,
Donka

Kabla sijasahau: sanda yako ninayo mimi. Nilikosea. Mwanga wa chumba kile ni hafifu, nikadhani uzi ni wa buluu. Nimeshaikunja na kuishona pembeni. Imekuwa bitana nzuri sana.


Bubarovo, 2 Desemba 1983

Donka,

Shikamoo zako zote mbili nakurudishia, ziko ndani ya bahasha hii, zihesabu.

Umelala ndani ya sanda yangu! Mimi ninayetunza kitambaa kile miaka thelathini na sita, ninayekianika kivulini, ninayekiwekea majani ya mjozi kufukuza nondo, sijathubutu hata kukijaribu mabegani. Wewe umekipeleka mlimani ukalale nacho katikati ya wastaafu! Na soksi za nani zimekigusa? Jibu swali hilo kwanza.

Tena umeshona kwa uzi gani? Nakujua. Umeshona kwa uzi wa pamba, ule mnene wa vifungo. Uzi wa pamba unakata hariri, Donka! Hariri inashonwa kwa hariri, hata viwavi wanajua. Mama angekuona angekuchapa na mwiko.

Nimemwambia Gancho kwamba mwizi amepatikana. Mkewe amelia tena, safari hii kwa kucheka. Kijiji kizima kinajua. Padri alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni kweli sanda yangu imetangulia mbinguni kwa kupitia mlima Vitosha.

Nataka kitambaa changu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Ignati. Fumua, fua, piga pasi vuguvugu, tuma.

Kuhusu daktari: mbuzi hajambo, anatoa maziwa vizuri.

Kerana


Sofia, 19 Desemba 1983

Dada,

Shikamoo, na nimeongeza mbili badala ya zile ulizorudisha.

Nilitaka kuituma, naapa. Lakini hariri haifuliwi ovyo, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha: maji vuguvugu, siki kidogo, kivuli, bila kukamua. Na Sofia hii Desemba kivuli kipo, kisichopo ni joto la kukaushia. Nikaona nisubiri. Na wakati nasubiri tukaenda mlimani.

Kerana, nisikilize bila kukunja uso. Ilikuwa chini ya sifuri digrii kumi na nne. Asparuh ana bitana ya pamba. Ilinyonya jasho lake lote, asubuhi alipoitoa nje ikasimama yenyewe kama ubao, wenzake wakaipa kofia. Mimi nilifanya hivi: nilivaa soksi kavu (ndizo zilizogusa sanda yako, ni safi, nilizifuma mwenyewe), nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikaivisha soksi ya tatu nikaiweka miguuni. Nikaingia kwenye bitana mpaka shingoni. Pua inabaki nje. Ukipumulia ndani, pumzi inakuwa maji, maji yanakuwa barafu, na barafu inakuwa majuto. Dakika mbili za kwanza hariri ni baridi, unamlaumu kila mtu. Halafu inakukumbuka. Nililala kama mtoto.

Unajua nilichokiota? Nilimwota mama na kile kimfuko chake cha mayai ya viwavi, alichokuwa akikiweka kifuani ndani ya gauni kila majira ya kuchipua, siku kumi, mpaka waanguliwe. Tulikuwa hatukumbatiwi siku hizo, tukiogopa kuyavunja. Unakumbuka ulivyokuwa unawaonea wivu viwavi?

Kumbe lile joto alilowapa, wanalirudisha bado. Nimeshindwa kufumua siku hiyo.

Ulimpa daktari jibu gani, ndiyo au hapana? Usinijibu kuhusu mbuzi.

Donka


Bubarovo, 8 Januari 1984

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika dirishani, Gancho ananichotea maji. Kama mwandiko umepinda ni kwa sababu naandika kitandani, jiko linapasha vizuri zaidi upande huu.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Ivan, nikapika kabichi na nyama ya nguruwe. Sikula. Mkewe Gancho alilala hapa kwangu, tulikuwa na mazungumzo.

Nakuomba kitambaa. Sigombi tena, nakuomba vizuri. Kitume hata kikiwa na mishono yako, nitakifumua mwenyewe taratibu. Nataka tu kiwe ndani ya sanduku.

Mbuzi hajambo.

Dada yako Kerana


Sofia, 13 Januari 1984

Dada yangu Kerana,

Shikamoo. Leo sina utani.

Mkewe Gancho amenipigia simu kutoka posta. Ameniambia mlichokuwa mkizungumza: wewe ulikuwa unapiga mayowe na yeye analia. Ameniambia umekuwa wa manjano mpaka machoni. Ameniambia daktari alishasema Septemba kwamba kibofu cha nyongo kitolewe, na wewe ukamjibu kwamba unashukuru ila kila kitu chako kimeshafungashwa.

Sasa na mimi nikuambie ukweli. Sikukosea. Taa ilikuwa inawaka na macho yangu ni mazima, uzi mwekundu niliuona. Siku ile Oktoba nilikuwa nyuma ya pipa la zabibu nikakusikia ukimwambia mkewe Gancho: "Nisumbuke na visu vya nini? Sanda yangu ipo." Ulisema kama mtu anayesema supu iko jikoni. Nikapanda juu nikakaa mbele ya sanduku. Nikajiambia: dada yangu huyu, hata kwenda kununua kiberiti anabadilisha kitambaa cha kichwa. Hawezi kwenda mbele ya Mungu bila sanda, ataona aibu. Basi nikaiweka chini kabisa ya kikapu changu, juu yake nikapanga vibuyu vya divai ya zamani, nikaondoka nayo.

Ni ujinga, najua. Mwanamke wa miaka hamsini na minane anamwibia dada yake sanda ili asife. Lakini umeishi mpaka leo, kwa hiyo usinicheke.

Unasema hospitali ilimuua mama. Kila mwaka unasema hivyo makaburini nami nanyamaza. Leo sinyamazi. Mama alikataa kupanda mkokoteni kwa sababu viwavi walikuwa kwenye mlo wao wa mwisho na yeye alitaka kwanza waanze kufunga vifukofuko. Siku tatu! Tumbo limevimba, anakata majani ya mforsadi ya kuwalisha. Wewe ulikuwa unakata naye, na mimi nilikuwa nawabebea vikapu. Hospitali walimpokea akiwa tayari ni wa kuaga. Hakuuawa na mtu, alichelewa. Mficha maradhi kifo humfichua, na wewe unafanya yale yale, ila badala ya viwavi una mbuzi.

Tumebaki wawili. Mume wako hayupo, mimi nilioana na tramu. Ukienda wewe, nani atakayenirudishia shikamoo? Naogopa, Kerana. Baridi ya hasi kumi na nne siiogopi, naogopa hili.

Kwa hiyo hupati. Ng'o. Nenda Haskovo, ulale, visu vyao vifanye kazi yao, na siku hiyo hiyo nitakuletea bitana kwa mkono wangu. Kabla ya hapo, ukitaka kufa, utakufa umefunikwa shuka la dukani lenye maua ya manjano. Nimeshalinunua. Ni baya sana.

Mdogo wako anayekupenda,
Donka


Haskovo, wodi ya wanawake, 24 Februari 1984

Mwizi wangu,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika kwa haki hapaswi kuharakishwa. Ile habari ya mkokoteni niliisoma mara moja nikaitia jikoni, kwenye moto. Halafu nikashindwa kulala, maana nilikuwa nimeshaijua kwa moyo. Mimi ndiye niliyemwambia mama, "Siku moja tu zaidi." Nilikuwa nataka hariri ya kuolewa nayo. Miaka thelathini na sita nimeisingizia hospitali. Basi. Nimesema mara moja, usinirudishe hapo.

Gancho alinipeleka kwa gari. Njiani alikuwa anaimba, kwa hofu. Nilivaa kitambaa cha kichwa kipya, kama ulivyotabiri, Mungu akusamehe.

Sasa nikuhadithie. Nimezinduka. Macho hayafunguki, mdomo mkavu, mwili siusikii. Mkono wangu ukasogea kidogo, na vidole vikakuta hariri. Nikapapasa pembeni, nikakuta uzi. Donka, mimi uzi ule naujua kwa vidole! Nikasema moyoni: haya, Kerana, ndiyo imeshakuwa. Umekufa, wamekufunika, na angalau mdogo wako amerudisha kitambaa. Nikatulia. Nikaanza hata kumtafuta mama.

Halafu nikasikia harufu ya kitunguu.

Nikafikiri: peponi hakuna kitunguu. Na huko kwingine, sidhani wanakula kwa raha namna hii. Nikafungua jicho moja. Kitanda cha pili kuna mama mmoja mnene, jina lake Sevda, anatafuna mkate na kitunguu kibichi, ananitazama. Akaniuliza, "Shoga, hiyo shuka yako ya hariri umeinunua wapi?" Nikamjibu, "Ni sanda." Kitunguu kikamkaba, wauguzi wakamkimbilia yeye, mimi wakanisahau.

Muuguzi ameniambia yote. Kwamba mkewe Gancho alikupigia simu, ukaja ukakaa kwenye benchi la korido siku mbili. Kwamba wodi ilikuwa baridi, mabomba ya joto yameharibika, ukawapigia magoti wakuruhusu kuniingiza kwenye bitana mpaka kiunoni. Na kwamba nilipoanza kukoroma vizuri ukasema, "Sasa ataamka, na akiamka atanichapa," ukakimbilia treni. Mwoga wee! Unalala kwenye barafu na unamkimbia mwanamke mwenye mshono tumboni.

Mawe kumi na moja. Nimepewa kwenye chupa. Moja ni kubwa kama punje ya mahindi, limefanana na Gancho.

Wodi nzima imekuja kupapasa bitana. Usiku miguu yangu peke yake ndiyo yenye joto humu ndani. Mishono yako ni aibu tupu.

Dada yako, aliye hai,
Kerana


Sofia, 1 Machi 1984

Dada,

Shikamoo shikamoo shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, jirani wa chini akatoka kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ndiyo maana nalia.

Ndani ya bahasha nimekuwekea uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, ufunge mkononi mpaka uone mti wa kwanza umechanua, halafu uutundike hapo. Nimesokota mwenyewe, kwa pamba, usianze.

Ahadi ni deni. Pasaka nakuja, nitafumua bitana kwa mkono wangu, nitafua kama mama, nitapiga pasi, na sanda yako itarudi kwenye sanduku mbele ya macho yako. Mimi nitajishonea bitana ya pamba nisimame kama ubao na Asparuh. Ni haki yangu. Ila nakuomba yangu ya uzi wa buluu usiiguse, iendelee kukaa pale pale kwenye furushi. Mimi kukuibia wewe si ruhusa ya wewe kuniibia.

Unakula? Nijibu. Mbuzi nitamuuliza mwenyewe nikifika.

Donka


Bubarovo, 27 Machi 1984

Mdogo wangu Donka,

Shikamoo zako nimezipokea, zote, na zile za akiba. Marahaba. Nakula. Jana nimekula supu sahani mbili na mkate wa jibini, na ubavu ulikaa kimya kama mtoto aliyekosa. Mti wa lozi wa Gancho umechanua, nimeutundika uzi wako kwenye tawi la chini. Mbuzi ameula. Lakini ulitundikwa, kwa hiyo hesabu imetimia.

Pasaka njoo, ila usije na mkasi. Bitana nimeshaifumua mwenyewe. Nilitumia siku mbili kutoa ule uzi wako wa vifungo, nikilaani. Kisha nikakaa na kitambaa mapajani, kimefuliwa, kimepigwa pasi, sanduku liko wazi mbele yangu. Nikaweka ndani. Nikatoa. Nikaweka tena. Donka, kilikuwa kinanukia mimi. Miaka yote ile kilinukia majani ya mjozi, sasa kinanukia mtu. Huwezi kumfungia mtu kwenye sanduku.

Basi nimekishona upya kuwa bitana, kwa uzi wa hariri, mshono wa kurudi nyuma, mdogo mdogo, kama inavyotakiwa. Nimeacha nafasi upande wa miguu ya kuwekea chupa. Nimeilalia wiki nzima dirisha likiwa wazi, pua nje, kama ulivyoeleza. Mkewe Gancho anasema akili imetoka pamoja na mawe.

Fungua sasa kifurushi kilichokuja na barua hii. Umekifungua? Ndiyo. Uzi wa buluu. Usipige kelele, umo kwenye nyumba ya watu wengi. Nimekushonea na wewe, kipimo nimechukua kwenye gauni lako la kuzikiwa, ambalo, nikwambie ukweli, halikutoshi tena.

Kwa hiyo sanduku halina sanda hata moja, wala yangu wala yako. Shuka lako la maua ya manjano nimelisikia, na mimi sitaki kuliona. Basi asife mtu yeyote katika ukoo huu mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Mwambie Asparuh Desemba aandae nafasi ya mtu mmoja zaidi kwenye hema, asiyekoroma sana. Na niulizie buti za mlimani namba thelathini na nane. Vile viatu vipya nimevijaribu jana kutembea navyo uani, vinabana.

Dada yako,
Kerana